Vizibo Sabini na Viwili

Jumapili, 2 Machi 1997

Barua ya Norah ilifika Ijumaa. Leo baada ya kanisa nimeisoma mara ya nne. Ukurasa mmoja tu! Binti yangu yuko Uskoti mwaka wa pili sasa, anasomea udaktari wa fizikia, na barua zake zinazidi kufupika. Nilimwuliza swali moja – unafanya nini hasa huko siku nzima? Ili kina mama wa kanisani wakiniuliza nisiseme tu "anasoma". Amejibu kwamba wanatumia kompyuta kupiga hesabu za ile nguvu inayoshikilia kiini cha atomu. Halafu: Mama, hii si kitu ya kueleza kwa barua, hata nikijaribu hutaelewa, usijisumbue.

Hutaelewa!

Mimi Perez. Miaka ishirini na sita ofisi ya mabehewa, nikijua kila behewa liko wapi kati ya Mombasa na Malaba bila kutazama ubao. Nimestaafu mwaka jana. Kichwa hakijastaafu.

Ameambatanisha kurasa kumi na mbili za fotokopi, kama mtu anayemtupia mbwa mfupa ili anyamaze. Mume wangu Willis anasema niziweke kabatini, mtoto ana shughuli zake. Sijaziweka.

Jumanne, 4 Machi

Kurasa mbili, kamusi mkononi, saa tatu nzima. Sijaelewa kitu. Kiingereza nakijua, lakini hiki ni kingine.

Ila ukurasa wa tano kuna picha. Miraba, miraba, miraba, kama wavu wa dirisha. Nimeikodolea macho mpaka ugali ukaungua. Willis ameukwangua ule mweusi, akala uliobaki.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwita Mwalimu Javan, mpangaji wetu wa juu, anayefundisha fizikia shule ya upili hapa karibu. Akasema, Mama Norah, haya hata mimi sikufundishwa, lakini wacha tusome pamoja. Kijana muungwana. Chai vikombe vitatu, mandazi sahani nzima.

Tulichopata: ndani ya kiini cha atomu kuna protoni, na ndani ya protoni kuna vitu vidogo zaidi vinaitwa kwaki. Hakuna mtu amewahi kuona kwaki moja ikitembea peke yake. Hakuna! Nguvu nyingine zote ukienda mbali zinalegea. Hii hailegei. Na hesabu yake haipigiki kwa kalamu. Kwa hiyo wamekata anga lote vipande vipande, kama wavu, ili kompyuta iweze kuhesabu.

Nikauliza: kwaki inakaa wapi kwenye huu wavu? Mwalimu akasoma. Kwenye pembe, pale mistari inapokutana. Na nguvu yenyewe? Kwenye mistari, kati ya pembe na pembe.

Nikapiga meza! Pembe ni stesheni. Mstari ni kipande cha reli. Behewa hukaa stesheni, na shughuli yote iko relini! Mwalimu akacheka mpaka akamwaga chai. Akasema mambo hayaendi rahisi hivyo. Nimemwambia tutaona.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwama siku nne. Karatasi inasema kila stesheni inaweza kubadilisha kipimo chake itakavyo, na jibu lisibadilike. Inawezekanaje? Kila mtu ajifanyie apendavyo na hesabu ikae sawa?

Leo nikiwa nafua, nimekumbuka. Zamani, nikiwa bado karani mdogo, stesheni moja ndogo ya njia ya magharibi ilikuwa na saa mbovu. Stesheni masta alikataa kuirekebisha. Jirani zake wote wawili wakajua tu: ukimpigia simu, ongeza dakika kumi. Treni hazikugongana hata siku moja! Saa ya mtu haikuwa na maana. Maana ilikuwa kwenye mapatano kati ya stesheni na stesheni. Na ungejuaje kama mapatano yenyewe yana kasoro? Beba saa moja mkononi, zunguka stesheni nne, kila mahali irekebishe kama walivyopatana, urudi ulipoanzia. Ikikubaliana na saa ya hapo, sawa. Isipokubaliana, tatizo liko njiani, na hakuna stesheni masta anayeweza kulificha kwa kugeuza saa yake!

Nimeacha nguo kwenye karai, nikapanda ngazi na mikono ya povu. Mwalimu alikuwa akinyoa ndevu. Akasikiliza mpaka mwisho, nusu ya uso ina sabuni. Akaniambia polepole: Mama Norah, huo ndio ukurasa wa saba wote.

Ukurasa wa saba wote!

Ijumaa, 14 Machi

Mwalimu anasema sasa lazima kompyuta. Nani ana kompyuta mtaa huu wa Umoja? Nikasema mabehewa tuliyahesabu kwa vigingi na ubao, na hayakupotea.

Koki wa kioski amenipa vizibo vya soda mfuko mzima. Aliuliza kama naanza biashara ya kuchezesha watu kamari. Plywood nimechukua ile Willis alikuwa ameweka ya mlango wa banda la kuku. Hajui bado.

Jumapili, 16 Machi

Anajua. Ameongea kutoka saa nane mpaka saa tisa na nusu.

Lakini ubao uko tayari. Stesheni sita kwa sita, thelathini na sita. Ukitoka ukingo wa kulia unaingia wa kushoto, ukitoka juu unaingia chini. Vipande vya reli sabini na viwili, kila kimoja na kizibo chake. Kizibo kikiangalia juu – stesheni mbili zinakubaliana. Kikilala kifudifudi – zinapingana. Kila mraba nauita chumba. Chumba kina vizibo vinne. Vilivyolala vikiwa namba shufwa, chumba ni shwari. Vikiwa witiri, chumba ni korofi.

Kwanza nikajaribu ile ya saa. Nikachagua stesheni moja, nikageuza vizibo vyake vyote vinne, kama stesheni masta aliyepindua saa yake. Nikahesabu vyumba vyote thelathini na sita. Hakuna hata kimoja kilichobadilika! Nikamwita Willis aone. Akasema anachoona ni mlango wake wa kuku.

Sasa dadu. Asili hupenda vyumba shwari, Mwalimu anasema, lakini haitii kila mara. Kwa hiyo naenda kizibo kwa kizibo. Natazama vyumba viwili vinavyokigusa. Vyote viwili vikitaka kikae upande mmoja, narusha: moja mpaka tano nakitii, sita nakaidi. Vikivutana, huyu juu na huyu chini, basi shufwa juu, witiri chini. Sabini na viwili, huo ni mzunguko mmoja. Dakika ishirini. Halafu nahesabu vyumba: shwari toa korofi, gawanya kwa thelathini na sita, zidisha kwa mia.

Alhamisi, 20 Machi

Nilianza vizibo vyote vikiangalia juu, yaani shwari mia kwa mia. Mzunguko wa kwanza 67. Wa pili 56. Halafu 44, 56, 33, 44, 22, 44... Haiteremki tena, inacheza tu pale katikati.

Nikaona kosa langu mwenyewe, bila Mwalimu! Ile mizunguko ya kwanza siwezi kuihesabu. Ubao bado unakumbuka nilivyoupanga. Ni kama sufuria ya chai iliyotiwa maziwa sasa hivi – ngoja itokote upya ndipo uonje. Nimefuta kumi ya kwanza.

Na jambo jingine! Vyumba korofi huwa kumi, nane, kumi na mbili, kumi na nne. Haviwi kamwe tisa wala kumi na moja. Nilifikiri ni bahati. Kumbe kila kizibo kiko kati ya vyumba viwili, ukikigeuza unavigusa vyote viwili kwa pamoja. Haiwezekani kukorofisha nyumba moja tu mtaani!

Jumamosi, 29 Machi

Kuku!!

Kwa sababu banda halina mlango. Ametembea juu ya ubao mzima, na alipofukuzwa akarudi kwa mabawa. Mizunguko arobaini iko salama daftarini, wastani 39, lakini vizibo vimetawanyika mpaka chini ya kochi. Willis akasimama mlangoni. Uso wake ulikuwa umeshasema yote.

Nilikaa chini, karibu nilie. Kisha nikaviokota na kuvirudisha hivyo hivyo ovyo, kilichoanguka juu kikae juu, kilicholala kilale. Vyumba korofi kumi na nane, shwari kumi na nane. Sufuri kabisa. Fujo tupu.

Vizuri. Nianzie kwenye fujo basi.

Jumatatu, 7 Aprili

THELATHINI NA NANE.

Mizunguko sitini tangu yule kuku. Nilifuta kumi ya kwanza kama kawaida, iliyobaki wastani 37 na nusu. Ukichanganya na ile ya mwanzo, 38 na kidogo. Kutoka kwenye utaratibu mtupu na kutoka kwenye fujo tupu, barabara mbili, na zote zinafika stesheni moja! Ubao umesahau nilipoanzia. Namba ni ya kanuni yenyewe, si yangu, si ya kuku.

Nilipeleka daftari juu. Mwalimu akaomba dakika kumi, akaandika herufi zake, akatoa kalkuleta. Kukaidi mara moja kwa sita, alisema, ni sawa na nguvu ya kiasi fulani, na kwa wavu huu mdogo wa bapa kuna jibu kamili la kalamu. Mzizi wa tano toa moja, gawanya kwa mzizi wa tano ongeza moja. Akabonyeza. Akanigeuzia kioo.

0.3819.

Tulitazamana. Mwalimu mzima, na shahada yake, akanishika mkono kwa mikono miwili kama mtu anayempongeza mzazi wa bwana harusi. Mimi nilicheza pale pale kwenye ngazi. Miaka hamsini na tatu!

Willis ameuliza kelele ni za nini. Nimemweleza. Akauliza: na ukikaidi mara mbili kwa sita? Itashuka, nimemwambia. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa akijua muda wote.

Jumapili, 20 Aprili

Lakini 38 ni namba ya chumba kimoja. Kwaki ziko wapi? Swali hilo lilinisumbua wiki mbili.

Ukurasa wa kumi: chora uzio. Kwaki na mwenzake wanazaliwa pamoja, wanaachana hatua kadhaa, wanaishi hivyo muda fulani, wanarudiana. Njia yao ikifungika ni uzio kwenye ubao. Upana ni umbali kati yao, urefu ni muda. Hesabu vizibo vilivyolala kwenye uzio tu, shufwa au witiri, uone wastani.

Nilikuwa nimenakili kila ubao kwenye daftari, nashukuru Mungu na mazoea ya ofisi! Nikahesabu upya yote. Willis alisoma, mimi nikaandika. Ndiyo, Willis! Kwa sauti ya mtu anayetangaza treni.

Uzio wa chumba kimoja: 38. Uzio wa vyumba viwili: 15. Vitatu mfululizo: 6. Vinne vya mbili kwa mbili: 2.

Tazama! Thelathini na nane ya thelathini na nane ni karibu kumi na tano. Ukizidisha tena, karibu sita. Tena, mbili. Kila chumba kinachoongezwa kinatoza ushuru ule ule!

Nikauliza, labda ni urefu wa uzio na si vyumba? Nikahesabu. Vitatu mfululizo – uzio wa vizibo vinane. Mbili kwa mbili – vinane vile vile! Uzio sawa, namba tofauti, sita na mbili. Si uzio. Ni kilichomo ndani.

Ndiyo maana yake. Ukiwatenganisha hawa wawili hatua moja zaidi unalipia safu nzima ya vyumba. Hatua nyingine, safu nyingine. Hakuna umbali ambao kiungo kinachoka na kuachia. Behewa na injini, mnyororo usiolegea hata ukivuta mpaka mwisho wa dunia. Kwa hiyo hakuna aliyewahi kuona kwaki peke yake. Nimeona kwa nini! Hapa mezani kwangu, kwa vizibo vya Koki!

Mwalimu ananikumbusha kwamba hii ni bapa, na mapatano ni mawili tu. Ile ya kweli ni pande nne, na mapatano hayahesabiki. Sawa. Mtoto huanza kwa kutambaa.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimeposta barua. Kurasa saba, Kiswahili kitupu, kila kitu – saa, kuku, uzio. Sikuandika "unaona nimeelewa". Nilitaka sana. Nilimalizia tu: mwanangu, nimefurahi kujua unakaa na vitu vizuri hivi siku nzima.

Jumatano, 14 Mei

Kimya. Willis ametengeneza mlango wa kuku kwa mabati.

Jumamosi, 24 Mei

Norah yuko nyumbani.

Saa nne asubuhi, nachambua mchele, lango likagongwa. Begi moja. Amekonda. Hakuandika, hakupiga simu. Nilimshika mpaka akasema, Mama, naumia. Willis ametoka kununua kuku wa watu wakati ana kuku wake mwenyewe.

Hajaeleza kitu. Anasema likizo. Likizo gani mwezi wa tano?

Jumapili, 25 Mei

Hakuja kanisani. Niliporudi alikuwa ameketi mezani, ubao mbele yake, barua yangu mkononi, mikunjo yake imechakaa kama pesa ya soko. Alikuwa amelia.

Nikakaa. Akasema mwenyewe. Miaka miwili anaendesha programu walizoandika wengine. Anabonyeza, namba zinatoka, anachora grafu. Wenzake wanaongea kwa haraka, na yeye anaitikia tu kwa kichwa. Januari mtu mmoja alimsimamisha mbele ya watu wote akamwuliza, hiyo namba ni ya nini? Alisimama tu. Tangu siku hiyo hajauliza swali, kwa sababu kila swali lingeonyesha ni mengi kiasi gani hajui.

Akasema: Mama, niliposema hutaelewa sikuwa nakusema wewe.

Na mimi nilikasirika wiki nzima! Mungu anisamehe.

Kwenye mkoba ana barua ya kuacha masomo. Hajampa mtu. Tikiti ya kurudi ni ya Jumapili ijayo. Amekuja kutuambia uso kwa uso kwamba hataitumia.

Willis alikuwa mlangoni, amesikia yote. Akaja akaketi. Akasema kwa upole, mimi nilifikiri ni mlango wa kuku, mpaka mama yako aliponieleza. Nyathina, mwanangu, mtu akieleza inaeleweka.

Jumanne, 27 Mei

Nilimwambia: sikufundishi, wewe ndiye msomi. Lakini kaa hapa, nisaidie kurusha.

Asubuhi tukaanza. Mzunguko wa tatu akauliza, kwa nini unafuta kumi ya kwanza? Nikamwambia habari ya chai. Akaweka dadu chini. Huko sisi tunafuta elfu, akasema. Nilikuwa nafuta kwa sababu niliambiwa nifute.

Mzunguko wa sita akageuza vizibo vinne vya stesheni moja. Akahesabu vyumba. Akageuza stesheni nyingine. Akahesabu. Akafanya hivyo mara tano, sita, midomo inachezacheza kama alivyokuwa akijifunza kusoma. Nikaondoka, nikaenda kuosha vyombo vilivyo safi.

Mwalimu Javan alishuka kumsalimia, wakaongea mpaka chakula cha mchana kikapoa. Kiingereza chao hicho. Mara mbili nilimsikia binti yangu akisema, hapana, ngoja, si hivyo. Hapana, ngoja! Sauti hiyo sikuwa nimeisikia tangu yuko kidato cha nne.

Ijumaa, 30 Mei

Naandika huku wanahesabu.

Jana Norah alienda kwa Koki, akarudi na kreti tatu tupu za soda. Akazipanga moja juu ya nyingine sakafuni. Plywood ni bapa, Mama, akasema. Kreti ina kina. Kila kizibo sasa kinagusa vyumba vinne badala ya viwili. Amefunga vizibo kwa nyuzi kwenye vijumba vyake, sebule haipitiki.

Nikauliza, itakuwa thelathini na nane tena? Akatabasamu. Hapana. Na hapa kuna kitu ambacho kwenye bapa hakipo kabisa: ukipunguza ukaidi polepole, mahali fulani kila kitu kinageuka ghafla, uzio unaanza kuhesabika kwa urefu wake. Mnyororo unakatika! Nikasema haiwezekani. Akaanza kunieleza. Akaeleza upya. Sijaelewa hata robo!

Sijawahi kufurahi hivi kwa kutoelewa.

Tangu alfajiri amebadilisha kanuni ya dadu mara mbili. Amejaza daftari langu, ameanza la Willis la kuku. Barua ile ya kuacha masomo naiona kutoka hapa, iko chini ya kikombe, ameandika namba nyuma yake.

Begi liko wazi chumbani. Halijapangwa, halijapanguliwa.

Sasa hivi Willis amesimama mlangoni, amevaa koti. Anasema dereva aliyeahidi kumpeleka uwanja wa ndege anataka jibu leo, Jumapili aje au asije? Norah hainui kichwa. Kidole chake kiko kwenye chumba cha kreti ya kati, anahesabu. Willis anauliza tena. Ananitazama mimi. Mimi najifanya naandika.

Norah anainua mkono, kama askari wa barabarani.

"Baba, subiri. Mama, rusha."

Narusha.